An Wang: Mhamiaji aliyeipa kompyuta kumbukumbu, jina lake likasahaulika

KATIKA mwaka 1948 kompyuta zilikuwa mashine za kuhesabika duniani, kila moja ikijaza chumba kizima na kula umeme mwingi. Zilikuwa na uwezo wa kukokotoa kwa kasi ambayo hakuna binadamu angeweza kuifikia, lakini zilikuwa na udhaifu mmoja uliowaumiza vichwa wahandisi wote wa wakati huo: hazikuwa na mahali pazuri pa kuhifadhi kile zilichokuwa zikikokotoa.

Mtu aliyesaidia kuondoa udhaifu huo alikuwa kijana wa miaka 28 kutoka China, ambaye alikuwa Marekani kwa miaka mitatu tu. Jina lake ni An Wang. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo, akajenga kampuni iliyoajiri zaidi ya watu 30,000, kisha akaishuhudia ikianza kuporomoka akiwa kwenye kitanda cha ugonjwa.

Wanaolitaja jina lake leo wengi humkumbuka kama mfanyabiashara aliyefaulu na kisha kuanguka. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya utajiri huo alikuwa mwanafizikia, na kwamba wazo lililomjia akiwa na umri huo bado linafanya kazi, katika umbo jingine, ndani ya karibu kila kompyuta na kila simu ya mkononi.

Utoto katika nchi yenye misukosuko

Wang alizaliwa Februari 7, 1920, katika jiji la Shanghai. Jina lake la ukoo lina maana ya mfalme, na jina alilopewa na wazazi, An, lina maana ya amani. Amani hiyo hakuiona sana utotoni. China ya wakati huo ilikuwa imegawanyika mikononi mwa wababe wa kivita, na baadaye ikavamiwa na Japani.

Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza ambaye pia alijishughulisha na tiba ya asili ya Kichina. Familia iliishi katika mji wa Kunshan, nje kidogo ya Shanghai. Mtoto huyo alianza shule akiwa na umri wa miaka sita na kuingizwa moja kwa moja darasa la tatu, kwa kuwa shule hiyo haikuwa na madarasa ya chini yake. Hivyo alisoma na watoto waliomzidi umri, akifanya vizuri sana katika hisabati na sayansi na kusuasua katika masomo mengine.

Akiwa na miaka 16 alijiunga na Chuo Kikuu cha Chiao Tung, Shanghai, ambacho kilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyuo bora vya uhandisi nchini humo. Mwaka uliofuata, 1937, vita na Japani vilianza. Chuo kilihamishiwa katika eneo la jiji lililokuwa chini ya Wafaransa, na huko Wang aliendelea na masomo hadi alipohitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1940.

Kisha alijitolea, pamoja na wenzake kadhaa, kwenda Guilin, mji ulio bara, kubuni na kutengeneza redio za mawasiliano kwa ajili ya majeshi ya serikali ya China. Vifaa vilikuwa haba, na mara nyingi ilibidi watengeneze redio kwa vipuri vyovyote walivyovipata. Katika miaka hiyo ya misukosuko aliwapoteza wazazi wake wote wawili pamoja na dada yake mkubwa.

Mwaka 1945, serikali ya China iliwachagua wahandisi vijana waende Marekani kujifunza mbinu za viwanda, ili warudi kuijenga nchi baada ya vita. Wang alifanya mtihani wa kuwapata na akashinda. Alipofika Marekani, badala ya kwenda kiwandani kama wenzake wengi, aliomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Harvard, akakubaliwa. Alipata shahada ya pili mwaka 1946 na shahada ya uzamivu katika fizikia mwaka 1948.

Kufikia wakati huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiendelea kwao, na aliona hana nafasi ya kurudi.

Swali la Profesa Aiken

Katika majira ya kuchipua ya 1948, Dk. Wang aliajiriwa katika maabara ya ukokotoaji ya Harvard, iliyoongozwa na Howard Aiken. Huyu ndiye aliyebuni kompyuta ya Mark I, mashine ndefu iliyofanya kazi kwa swichi na magurudumu yaliyokuwa yakizunguka na kugonga kwa kelele.

Aiken alimpa kijana huyo kazi moja: kutafuta namna ya kuhifadhi na kusoma taarifa kwa kutumia sumaku bila kuwapo kitu chochote kinachosogea.

Uzito wa kazi hiyo unaeleweka mtu akitazama njia zilizokuwapo. Kwanza, kulikuwa na pipa la sumaku lililozungushwa kwa mota. Pipa hilo lilihifadhi taarifa nyingi, lakini kompyuta ililazimika kusubiri hadi sehemu inayotakiwa izunguke na kufika mbele ya kisomeo. Pili, kulikuwa na mirija iliyojazwa zebaki, ambamo taarifa zilisafiri kama mawimbi ya sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudishwa tena mwanzo. Tatu, huko Manchester, Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn walikuwa wametumia kioo kinachofanana na cha televisheni kuhifadhi taarifa kama madoa ya chaji za umeme. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, lakini madoa hayo yalififia upesi na ilibidi yaandikwe upya muda wote.

Sumaku ilikuwa na sifa ya kuvutia kuliko zote hizo. Kitu kikishapata usumaku, hubaki nao hata umeme ukizimwa. Kilichotakiwa ni namna ya kuutumia usumaku huo bila mota wala pipa.

Jinsi kipete kinavyokumbuka

Dk. Wang alichagua kipete kidogo, yaani kitu chenye umbo la pete, kilichotengenezwa kwa mchanganyiko wa chuma na nikeli ulioitwa Deltamax, madini ambayo asili yake ni utafiti wa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sifa ya madini hayo ni kwamba hayana hali ya katikati. Waya uliozungushwa kwenye kipete ukipitishwa mpigo wa umeme wenye nguvu ya kutosha, usumaku wa kipete huelekea upande mmoja na kubaki hivyo. Mpigo ukipitishwa kinyume, usumaku hugeuka kwa ghafla na kuelekea upande wa pili. Mpigo dhaifu haubadilishi chochote.

Kompyuta hufanya kazi zake zote kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kwa hiyo kipete kimoja chenye pande mbili za usumaku kinatosha kuhifadhi tarakimu moja, ambayo wataalamu huiita biti. Usumaku ukielekea mishale ya saa inakokwenda, hiyo ni moja. Ukielekea kinyume chake, hiyo ni sifuri.

Kuandika, basi, hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kusoma. Usumaku uliotulia ndani ya kipete hautoi dalili yoyote ya umeme ambayo mashine inaweza kuihisi. Umeme hujitokeza katika waya wa pembeni pale tu usumaku unapobadilika. Ili kujua kipete kina nini, ni lazima kilazimishwe kuelekea upande wa sifuri. Kama kilikuwa na moja, kitageuka, na mgeuko huo utatoa mpigo mdogo katika waya wa kusomea. Kama kilikuwa na sifuri tayari, hakuna kitakachotokea. Mashine hupata jibu lake kwa njia hiyo, lakini baada ya hapo kipete kina sifuri kwa vyovyote vile. Tarakimu imesomwa na, kwa kusomwa huko, imefutwa.

Kwa wiki kadhaa Dk. Wang alihangaika na kikwazo hicho. Alikuwa akitafuta njia ya kusoma bila kufuta, kama ambavyo mtu yeyote angetafuta, kwa kuwa kumbukumbu inayopotea kila inapotazamwa haionekani kuwa na faida. Siku moja, akiwa anatembea katika viwanja vya Harvard, alitambua kwamba alikuwa akiuliza swali lisilo sahihi. Haikuwa lazima tarakimu ibaki mahali pake inaposomwa. Ilitosha kwamba, mara baada ya kusomwa, taarifa iliyopatikana itumike kuiandika upya. Umeme ni wa haraka mno, na kazi hiyo ya kusoma na kurudisha ingefanyika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Anayetumia mashine asingejua kuwa kuna kilichofutwa.

Alitekeleza wazo hilo kwa kuvipanga vipete katika mstari. Kila kipete kiliposomwa na kufutwa, mpigo wake ulikiandika kipete kinachofuata, na hivyo taarifa ikasogea kutoka kimoja hadi kingine kama ndoo za maji zinazopokezanwa na watu waliopanga foleni. Yeye na mwenzake wa maabara, Way-Dong Woo, mwenye asili ya China pia, walichapisha maelezo ya kazi hiyo katika jarida la fizikia Januari 1950. Mbinu hiyo ilitumika katika kompyuta ya Mark IV ya Harvard, iliyokamilika mwaka 1952.

Foleni yageuzwa kuwa wavu

Mstari wa vipete ulikuwa na kasoro yake. Aliyetaka tarakimu ya hamsini alipaswa kusubiri hadi foleni isogee. Kasoro hiyo iliondolewa na mtu mwingine katika mji huohuo wa Cambridge, Massachusetts.

Mtu huyo ni Jay Forrester wa taasisi ya MIT, aliyekuwa akiongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind, ambayo baadaye ilihusishwa na ulinzi wa anga wa Marekani. Mashine yake ilihitaji kumbukumbu ya haraka na ya kuaminika, na mirija aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya gharama kubwa na haikudumu. Mwaka 1949, baada ya kuona tangazo la madini ya Deltamax, Forrester alianza kubuni mpangilio tofauti kabisa.

Alivitandaza vipete kama wavu wa kuvulia samaki, kila kipete kikiwa mahali nyaya mbili zinapokutana, mmoja wa mlalo na mwingine wa wima. Kila waya ulipitishwa nusu tu ya umeme unaohitajika. Nusu hiyo peke yake haikitikisi kipete. Ni kile kimoja tu kilicho kwenye makutano ya nyaya hizo mbili ndicho kilichopata nguvu kamili na kugeuka. Hivyo kompyuta iliweza kukichagua kipete chochote miongoni mwa maelfu, bila kusubiri foleni. Kumbukumbu ya namna hiyo ilifungwa katika Whirlwind mwaka 1953, na kuifanya mashine hiyo kuwa ya haraka na ya kutegemewa kuliko ilivyokuwa awali.

Wavu wa Forrester na kanuni ya Wang ya kusoma na kuandika upya, kwa pamoja, vilitawala kompyuta za dunia kwa takriban miaka 20. Vipete vilizidi kuwa vidogo, vikatengenezwa kwa udongo maalumu wa sumaku badala ya utepe wa madini, na kushonwa kwenye nyaya kwa mikono, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake viwandani. Gharama ya kuhifadhi biti moja ilishuka kutoka takriban dola moja hadi karibu senti moja. Kompyuta zilizowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini mwaka 1969 zilitumia vipete vya sumaku.

Dola 600 na chumba kimoja

Oktoba 1949, Dk. Wang aliomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Harvard iliruhusu watafiti wake kumiliki uvumbuzi wao, ingawa jambo hilo halikuwapendeza wote maabarani. Mwaka huohuo alimuoa Lorraine Chiu, binti aliyetoka Shanghai kwa masomo, na baadaye wakajaliwa watoto watatu.

Chuo kilipoanza kupunguza utafiti wake wa kompyuta, Wang alichukua uamuzi ambao wengi waliomfahamu waliuona kuwa wa hatari. Juni 1951 alianzisha kampuni aliyoiita Wang Laboratories, akiwa na akiba ya dola 600, bila mkataba wowote mkononi, katika chumba kimoja cha kupanga jijini Boston. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa vipete vya kumbukumbu, alivyoviuza kwa dola nne kimoja. Alikuwa fundi, muuzaji na karani wa barua kwa wakati mmoja.

Alikuwa mhamiaji kutoka nchi ambayo, wakati huohuo, majeshi yake yalikuwa yakipigana na yale ya Marekani huko Korea. Mazingira hayo hayakuwa rahisi kwa Mchina anayeomba kazi katika ofisi za Wamarekani. Hata hivyo, hakuonekana kuwa mtu wa kulalamika. Alivaa vizuri, alizungumza kidogo na kwa sauti ya chini, na aliacha vifaa vyake vimsemee.

Mkataba na IBM

Kampuni iliyovihitaji vipete kuliko zote ilikuwa IBM, jitu la biashara ya mashine za ofisi. Mazungumzo kati ya jitu hilo na mwanafizikia mwenye chumba kimoja yaliendelea kwa miaka kadhaa. Mei 1955, Dk. Wang alipewa rasmi hataza yake. Machi 1956 aliiuza kwa IBM kwa dola 500,000.

Hata hivyo, mkataba huo ulikuwa na kipengele kilichomgharimu. Sehemu ya malipo, dola 100,000, ingezuiwa iwapo mtu mwingine angejitokeza kudai uvumbuzi huo. Mtu huyo akajitokeza: Frederick Viehe, mtumishi wa idara ya kazi za umma ya jiji la Los Angeles, ambaye alikuwa akifanya majaribio ya umeme nje ya saa za kazi na alikuwa ameomba hataza inayohusu vipete mwaka 1947. Dk. Wang akaishia kupata dola 400,000.

Zilikuwa fedha nyingi kwa mtu aliyeanza na dola 600, lakini thamani halisi ya uvumbuzi huo ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1964, IBM ilikubali kuilipa MIT dola milioni 13 kwa hataza ya Forrester. Kwa maisha yake yote, Dk. Wang alibaki na hisia kwamba hakutendewa haki katika suala hilo. Hisia hiyo ilimpa ari ya kushindana na IBM, na miaka mingi baadaye ilikuja kumponza.

Kutoka kikokotozi hadi mashine ya maneno

Kwa fedha za hataza, Wang Laboratories ilipanuka. Mwaka 1965 ilianza kuuza kikokotozi cha mezani kilichoitwa LOCI, kilichofanya kazi kwa kuzigeuza namba kuwa logarithimu, ili kuzidisha kuwe kujumlisha na kugawanya kuwe kutoa. Kilichokifuata, chenye bei nafuu zaidi, kilinunuliwa sana na wahandisi, mabenki na shule. Mwaka 1967 kampuni iliingia katika soko la hisa. Hisa zilizotolewa kwa dola 12.50 zilipanda siku hiyohiyo hadi kuvuka dola 40, na familia ya Wang ikawa tajiri.

Uamuzi uliomtofautisha na wafanyabiashara wengine ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliona kuwa vikokotozi vingekuwa rahisi na vidogo kiasi kwamba faida yake ingetoweka. Wakati bado vilikuwa vikimwingizia fedha, alianza kuviacha na kuelekea kwenye mashine za kuandikia. Mwaka 1976 kampuni yake ilionyesha jijini New York mashine ambayo katibu muhtasi aliweza kuona maneno kwenye kioo, kuyafuta, kuyahamisha na kuyasahihisha kabla ya kuyachapa. Jambo ambalo leo mtoto wa shule analiona la kawaida liliwafanya watu wajazane kulitazama.

Ofisi za serikali, mabenki na kampuni za mawakili zilinunua mashine hizo kwa wingi. Makao makuu yalihamia Lowell, mji wa viwanda vya nguo uliokuwa umedorora, na minara mitatu ya kampuni ikainuka hapo pamoja na maelfu ya ajira. Katika kilele chake kampuni ilikuwa na mapato ya takriban dola bilioni tatu kwa mwaka, na utajiri wa mwanzilishi wake ulivuka dola bilioni moja.

Sehemu ya utajiri huo aliirudisha kwa jamii. Alichangia ukarabati wa ukumbi mkubwa wa maonyesho jijini Boston uliokuwa ukichakaa, ambao umebeba jina lake tangu mwaka 1983. Alianzisha pia taasisi ya mafunzo ya juu ya uhandisi wa programu. Mwaka 1986 alikuwa miongoni mwa wahamiaji 12 waliotunukiwa Nishani ya Uhuru na Rais Ronald Reagan.

Anguko

Dalili za hatari zilianza mwaka 1981, IBM ilipotoa kompyuta binafsi. Mashine hiyo iliweza kuandika barua kwa kutumia programu iliyouzwa kando, na kesho yake ikafanya hesabu za mishahara kwa programu nyingine. Mashine za Wang zilitumia programu zake zenyewe, zisizoelewana na za wengine. Mtu aliyewahi kuviacha vikokotozi kabla havijamwacha alishindwa kufanya hivyo kwa mashine za maneno. Waliofanya kazi naye wameeleza kwamba hakutaka kuifuata njia iliyochorwa na IBM. Mwaka 1983 kampuni ilitangaza bidhaa 14 kwa mpigo, nyingi kati yake zikiwa bado hazijakamilika, na wateja waliosubiri bila kuletewa walianza kukata tamaa.

Jambo la pili lilikuwa la kifamilia. Dk. Wang alikuwa amepanga mfumo wa hisa uliohakikisha familia yake haipotezi usukani, na alitamani kampuni irithiwe na mwanawe mkubwa, Fred. Mwaka 1986 alimfanya rais wa kampuni, licha ya wasiwasi wa baadhi ya viongozi wazoefu, ambao waliondoka. Hasara ziliongezeka. Katika mwaka wa fedha ulioishia 1989, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400.

Kiangazi cha mwaka huo madaktari walimgundua Dk. Wang kuwa na saratani ya koo la chakula. Akiwa katika matibabu, na huku wakopeshaji wakibisha hodi, Agosti 1989 alilazimika kumwondoa mwanawe katika uongozi. Kwa mzazi wa Kichina aliyeipoteza familia yake vitani na kuitaka kampuni iwe urithi wa wanawe, hapana shaka ulikuwa uamuzi mchungu kuliko yote aliyowahi kufanya.

An Wang alifariki dunia Machi 24, 1990, jijini Boston, akiwa na umri wa miaka 70. Agosti 1992 kampuni yake iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 1994 minara ya Lowell, iliyojengwa kwa takriban dola milioni 60, iliuzwa kwa mnada kwa dola 525,000. Mabaki ya kampuni yalinunuliwa na kampuni ya Uholanzi, Getronics, mwaka 1999.

Kilichobaki

Vipete vya sumaku vilikuwa vimeanza kuondoka kabla ya hapo. Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alibuni njia ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja, na mwaka 1970 kampuni ya Intel ikatoa sokoni chipu iliyobeba biti 1,024. Ndani ya miaka michache, chipu za aina hiyo zilivisukuma vipete kando. Leo kumbukumbu ya ukubwa wa gigabaiti nane, inayopatikana katika kompyuta nyingi za kawaida, ina zaidi ya vijichumba bilioni 60 vya namna hiyo.

Kapasita ni kama kikombe kidogo cha chaji za umeme: kikiwa na chaji ni moja, kikiwa kitupu ni sifuri. Tofauti na kipete, kikombe hiki huvuja, na kompyuta hulazimika kukijaza upya mara nyingi kila sekunde. Ndiyo maana umeme unapokatika, kazi ambayo haijahifadhiwa kwenye diski hupotea, jambo ambalo kipete cha sumaku kisingelifanya.

Pamoja na tofauti hiyo, vitu hivi viwili vinafanana pale palipomhangaisha Dk. Wang. Kujua kama kikombe kina chaji, ni lazima chaji hiyo imwagwe kwenye waya wa kusomea, na ikimwagwa kikombe hubaki kimevurugika. Kusoma ni kufuta. Saketi iliyo pembeni huhisi kilichomwagika, hukikuza, na palepale kukirudisha mahali pake. Kila neno linalosomwa kutoka katika kumbukumbu ya namna hiyo limeharibiwa na kuandikwa upya, mamilioni ya mara kwa sekunde, bila anayetumia mashine kuhisi lolote.

Hataza ya An Wang ilikwishapita muda wake, vipete vyake viko katika makumbusho, na majengo ya Lowell yanatumiwa na wapangaji wengine kwa jina jingine. Jina lake lingali juu ya ukumbi wa maonyesho wa Boston, ambako wengi wanaoingia huenda hudhani ni la mfadhili tu. Lakini simu walizozizima kabla onyesho halijaanza hufuata, kila zinapowashwa, kanuni ileile aliyoitambua akitembea katika viwanja vya Harvard: kinachosomwa hufutika, na kilichofutika huandikwa upya.